Deni la Urafiki Wetu na Mbaraka

(Hotuba ya wazee wa chama, iliyosomwa kwenye mkutano wa mwaka na changizo)

  

Kamati ilitutaka sisi wazee tuseme machache kuhusu urafiki wetu na marehemu Mbaraka Mwinshehe Mwaruka, kisha tueleze kwa nini jina lake limeingizwa katika changizo la mwaka huu. Tumekaa, tumeshauriana, na tumekubaliana haya tunayoyasoma. Tunaomba mtuvumilie, maana wazee tukianza kuzungumzia muziki wa dansi huwa hatuoni saa.

Kwanza tueleweke tunaposema urafiki. Wapo kati yetu waliompa mkono na kusalimiana naye njiani. Lakini wengi wetu tulimjua kwa masikio na kwa miguu: masikio yaliyomsikiliza redioni, na miguu iliyocheza mbele ya gitaa lake. Huo nao ni urafiki. Mpiga muziki hawezi kufanya kazi bila watu wa kumsikiliza, na watu wenye kazi ngumu wiki nzima hawawezi kuishi bila siku ya kucheza. Yeye alitupa chake, nasi tukampa chetu: kiingilio, makofi, na ile sifa inayotembea mdomoni hadi mji wa pili.

Vijana wetu ni vizuri mjue mji wenyewe ulikuwaje. Morogoro ya miaka ya 1960 ilikuwa mji wa njia panda kama ilivyo leo. Reli ya Kati inapita kwetu. Barabara ya kutoka Dar es Salaam inafika kwetu, kisha inagawanyika, moja inaelekea Dodoma na nyingine Iringa. Mashamba ya mkonge yalituzunguka, na watu wa makabila mengi walikuja kufanya kazi huko. Kwa hiyo mwisho wa mwezi watu walikuwa na mshahara mfukoni, na kila mmoja alikuwa na lugha yake ya nyumbani. Dansi liliwakutanisha. Mluguru, Mpogoro, Mngoni na Mmakonde walisimama kwenye sakafu moja, na nyimbo ziliimbwa kwa Kiswahili ili kila mmoja asikie.

Mji wetu ulikuwa na bendi mbili kubwa. Ya kwanza ni Cuban Marimba, bendi ya Salum Abdallah, aliyezaliwa mwaka 1928 na kuianzisha akiwa bado kijana, baada ya kuvutiwa na muziki wa Cuba uliokuwa ukifika huku kwa santuri. Ya pili ni Morogoro Jazz. Mtu wa Cuban alikuwa wa Cuban, na mtu wa Moro Jazz alikuwa wa Moro Jazz. Ndugu wa tumbo moja waliweza kugawanyika. Ubishi ulianza asubuhi kwa kinyozi na haukuisha hata usiku ukumbini. Lakini ulikuwa ubishi wa faida, kwa sababu kila bendi ilijua kwamba ikizembea wiki hii, watu wataonekana upande wa pili wiki ijayo.

Katikati ya miaka ya 1960 ndipo Mbaraka alipojiunga na Morogoro Jazz. Alikuwa kijana mwembamba wa miaka ishirini na ushee, maana alizaliwa mwaka 1944. Alikuwa anaimba, anatunga, na anapiga gitaa la solo. Watu wengi hujaliwa kimoja katika vitatu hivyo. Yeye alijaliwa vyote, na mashabiki wakampa jina la Soloist National. Wengine walimfananisha na Franco wa Kongo, na kwa wakati ule hakukuwa na sifa kubwa kuliko hiyo.

Nyimbo za siku zile zilitoka kwenye santuri ndogo zenye pande mbili. Wimbo mrefu ulikatwa katikati: sehemu ya kwanza upande wa kwanza, sehemu ya pili upande wa nyuma. Upande wa kwanza ulikuwa na maneno, watu wakasikiliza. Ukigeuza santuri, mara nyingi ndipo magitaa yalipoachiwa, na watu wakainuka. Gitaa la Mbaraka halikuwa na haraka. Lilianza kama mtu anayesimulia jambo, kisha likaendelea kujibizana na saksafoni na magitaa mengine mpaka aliyekuwa ameapa kwamba leo hachezi akajikuta yuko katikati ya sakafu.

Kwa wale wasiokuwa na gramafoni, na ndio waliokuwa wengi, palikuwa na Radio Tanzania Dar es Salaam. Redio moja ilitosha nyumba kadhaa. Vipindi vya salamu vilikuwa na majina ya watu waliotuma kadi kutoka kila pembe, na kati ya salamu na salamu palikuwa na wimbo. Mtu wa Mahenge alimsalimia shangazi yake wa Tanga, halafu Morogoro Jazz ikapiga. Tulijisikia fahari isiyoelezeka. Jina la mji wetu lilitamkwa kila siku nchi nzima, na aliyelifanya litamkwe alikuwa anapita barabara zilezile tunazopita.

Mwaka 1970 bendi ilikwenda Japani, kwenye maonyesho makubwa ya dunia ya Expo 70 mjini Osaka. Fikirini wenzetu. Nchi ilikuwa haijatimiza miaka kumi tangu uhuru, na vijana wa Morogoro walipanda ndege kwenda kuiwakilisha Tanzania mbele ya mataifa. Mbaraka alitunga wimbo kuhusu safari hiyo, na hata waliokuwa hawajafika Dar es Salaam wakalijua jina Osaka. Hivyo ndivyo mwanamuziki anavyokuwa rafiki: anakwenda mahali kwa niaba yako, akirudi anakueleza alichokiona.

Urafiki wetu haukuwa wa sifa tupu. Mwaka 1973 aliondoka Morogoro Jazz na kuunda bendi yake, Orchestra Super Volcano. Watu walinung'unika. Wapo waliosema ameikata mizizi iliyomlea, na wapo waliosema mwenye kazi ana haki ya kuchagua mahali pa kuifanyia. Mpaka leo mkiwaweka wazee wawili wa enzi zile pamoja, ubishi huo utafufuka kabla chai haijapoa. Lakini santuri mpya za Volcano zilipoanza kufika, pande zote mbili zilizinunua. Tulijifunza kwamba unaweza kumkasirikia rafiki na bado ukaisikiliza sauti yake.

Ndipo ukaja wimbo wa Shida. Hatuna haja ya kuwaimbia, mnaujua. Tunachotaka kusema ni wakati uliokuja. Miaka ya katikati ya 1970 ilikuwa na ukame, bei za mafuta zilikuwa zimepanda duniani, na bidhaa madukani zilianza kuadimika. Neno hilo moja, shida, kila mtu alikuwa nalo nyumbani. Aliyelitia kwenye gitaa akawapa watu mahali pa kuliweka. Wahenga walisema akufaaye kwa dhiki ndiye rafiki. Hakuna aliyepata sukari wala sabuni kwa sababu ya wimbo, lakini watu wengi walipata kujua kwamba hawako peke yao.

Na wimbo haukuishia kwetu. Nchi yetu haikuwa na kiwanda cha kutengeneza santuri, kwa hiyo nyingi zilitengenezwa Nairobi. Kenya walimpenda Mbaraka kama wa kwao. Februari 1977 mpaka kati ya Tanzania na Kenya ulifungwa, na haukufunguliwa hadi mwaka 1983. Mabasi yalisimama na biashara ikasimama. Nyimbo hazikusimama, kwa sababu mawimbi ya redio hayaonyeshi pasipoti. Watu wa pande zote mbili waliendelea kucheza muziki mmoja katika miaka ambayo serikali zao hazikuwa zikielewana.

Sasa tunafika mahali pagumu. Januari 1979, Mbaraka alifariki huko Mombasa kutokana na ajali ya gari. Alikuwa na miaka 34. Nchi ilikuwa vitani Kagera, vijana wengi wa mkoa wetu walikuwa mstari wa mbele, na kila nyumba ilikuwa imezoea kusikiliza redio kwa hofu. Habari ile ikatukuta katikati ya hofu nyingine. Wapo waliokataa kuamini kwa siku kadhaa, wakisema ni uvumi wa vita. Alikufa ng'ambo ya mpaka uliofungwa, katika mji uliompenda, akiwa mbali na mji uliomlea.

Wakubwa zaidi kati yetu walikuwa wamewahi kulia kilio kama hicho. Novemba 1965 Salum Abdallah naye alifariki kwa ajali ya gari, kabla hajafika miaka 40. Tafadhali liwazeni jambo hili. Wanamuziki wawili waliolifanya jina la Morogoro lijulikane Afrika Mashariki nzima, mmoja wa Cuban na mmoja wa Moro Jazz, wote wawili walichukuliwa na barabara, na wote wawili walikuwa vijana. Ubishi wetu wote wa nani zaidi ya nani ulimalizwa na barabara.

Na barabara haikuacha. Sisi ni watu wa njia panda, na njia panda ina baraka zake na gharama zake. Tarehe 10 Agosti 2019, pale Msamvu, lori la mafuta lilipinduka na kulipuka, na watu zaidi ya 100 wakapoteza maisha. Hakuna aliyeko humu ambaye hakumjua mtu, au hakumjua mtu aliyemjua mtu.

Kwa sababu hiyo, wazee tulipoulizwa tumkumbukeje rafiki yetu, hatukutaka sanamu. Sanamu ingependeza, lakini sanamu haiongezewi damu wala haifundishi mtu gitaa. Tumependekeza mambo matatu, na Kamati imeyakubali.

La kwanza ni damu. Tunataka kila mwaka, mwezi Januari, wanachama wetu na rafiki zetu wakusanyike kuchangia damu kwa jina la Salum na Mbaraka, kwa kushirikiana na Mpango wa Taifa wa Damu Salama. Na isiwe mara moja tu kwa mwaka. Chupa ya damu haihifadhiwi kama mahindi ghalani. Damu nzima iliyohifadhiwa vizuri hukaa takriban siku 35, basi. Kwa hiyo ajali ya Juni haiwezi kusubiri damu ya Januari. Mwanamume mwenye afya anaweza kuchangia kila baada ya miezi mitatu, na mwanamke kila baada ya miezi minne, kuanzia umri wa miaka 18. Tunachotafuta ni orodha ya watu wanaokubali kuitwa kwa zamu. Pesa mtakayochanga itagharamia usafiri wa wachangiaji wa vijijini, chai na kitu cha kutia tumboni, na matangazo ya redio. Sisi tuliovuka umri wa kuchangia tutakaa mlangoni kuwakaribisha, na santuri zitapigwa. Hatujui njia bora zaidi ya kumkumbuka mtu aliyekufa kwa ajali kuliko kumwokoa mwingine asife kwa ajali.

La pili ni sauti na kumbukumbu. Baada ya kifo chake, nyimbo nyingi za Mbaraka zilikusanywa na kampuni ya Polygram ya Kenya katika mfululizo wa santuri za Ukumbusho, na hilo limesaidia sana. Lakini ziko kanda na santuri majumbani mwetu, chini ya vitanda na juu ya makabati, za Mbaraka, za Salum, za Juma Kilaza aliyeiongoza Cuban baada ya Salum, na za wengine wengi. Kanda huota ukungu. Utepe wake hushikana, na siku ukiuweka kwenye mashine hukatika. Mwenye kanda anaweza kufikiri anayo, kumbe alikwisha kuipoteza. Tunaomba mlete tuzinakili kwa kompyuta, kisha mrudishiwe mali yenu na nakala yake.

Na pamoja na kanda, leteni majina. Kila mtu anajua nani alipiga solo. Nani alipiga besi? Nani alikuwa kwenye ridhimu, kwenye tumba, kwenye saksafoni? Nani aliitikia? Watu hao nao walikuwa rafiki zetu, na wengi wao hawakuandikwa popote. Aliyekuwa na miaka 20 mwaka 1970 leo amevuka 70. Kila msiba tunaohudhuria unaondoka na majina kadhaa ambayo hatutayapata tena. Vijana wenye simu, fanyeni kazi moja: kaeni na babu au bibi yenu, wawekeeni wimbo, waulizeni nani anapiga, na rekodini jibu.

Hapa liko jambo la sheria pia. Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya mwaka 1999 inalinda kazi ya mtunzi katika maisha yake yote na miaka 50 baada ya kifo chake. Kwa aliyefariki mwaka 1979, hesabu hiyo inafika mwisho mwaka 2029. Si mbali. Familia za wanamuziki wetu, wa majina makubwa na wa majina madogo, zinastahili kujua haki zao mapema, kujua namna ya kusajili kazi kwenye Ofisi ya Hakimiliki, na kupata mtu wa kuwasaidia kujaza karatasi. Chama hakitadai wimbo wa mtu yeyote. Chama kitagharamia mwanasheria akae nao siku kadhaa kwa mwaka, basi.

La tatu ni vyombo. Mji ambao zamani watoto wake walijifunza gitaa kwa kuchungulia dirishani kwenye mazoezi ya bendi, leo una shule nyingi zisizo na gitaa hata moja. Tunataka kuanza na chumba kimoja cha muziki chenye magitaa, ngoma na mwalimu wa kulipwa, kwa ajili ya watoto wa shule jioni. Hatuahidi kwamba Mbaraka mwingine atatoka humo. Tunaahidi tu kwamba akiwapo, hatakosa gitaa.

Tunajua lipo swali, na baadhi yenu mmelinong'ona tangu mlipoona ajenda. Zahanati yetu ya kijijini inahitaji paa, watoto wanahitaji madawati, na wazee wanazungumzia santuri. Swali hilo ni la haki, na aliyeliuliza ni mpenda maendeleo. Jibu letu ni hili. Paa na madawati yako kwenye ukurasa wa kwanza wa bajeti, na hayashushwi. Fungu la Mbaraka liko peke yake, na mtu anaweza kuchangia moja bila kuchangia lingine. Halafu tazameni tena hayo matatu. Damu ni afya. Gitaa ni shule. Majina na kanda ni mali ya urithi, ambayo isipotunzwa sasa hakuna bajeti ya baadaye itakayoirudisha. Paa linaweza kujengwa mwaka ujao. Mzee aliyepiga besi mwaka 1968 hatuna hakika kama atakuwapo mwaka ujao.

Lipo pia swali la wale wanaosema Mbaraka alikuwa wa taifa, basi serikali ifanye. Kweli alikuwa wa taifa, na Kisarawe nako wana haki ya kumwita wao, na Mombasa nao wana machozi yao. Sisi hatugombanii umiliki. Lakini mtu akifiwa, serikali hutuma salamu za rambirambi, na jirani ndiye anayekuja na jembe. Sisi ni majirani.

Ndugu zetu mlioko Dar es Salaam, Arusha, Mwanza, na mlioko ng'ambo, mnajua wenyewe kinachotokea muziki huu unapopigwa kwenye harusi za huko mliko. Hata mtoto aliyezaliwa ugenini huwaona wazazi wake wakibadilika sura, na huuliza: huyu ni nani? Mkimjibu, mmekwisha kuanza kazi tunayoiomba. Mkichangia, mnaiendeleza.

Fomu za ahadi ziko kwenye kurasa za mwisho za kijitabu hiki. Ziko za aina tatu: ya pesa, ya damu, na ya kanda na majina. Asiye na pesa ana damu. Asiyeweza kutoa damu ana kumbukumbu. Asiye na kumbukumbu ana mzee nyumbani kwao wa kumuuliza. Hakuna atakayetoka hapa akisema hana cha kutoa.

Tunamwomba Mwenyezi Mungu awarehemu Mbaraka na Salum, na wenzao wote waliopiga nao, wanaojulikana na wasiojulikana. Awalinde wasafiri wetu wote watakaoondoka hapa usiku huu. Madereva, nendeni taratibu. Tumekwisha kuzika vijana wa kutosha.